Kabla ya Bando: Intaneti ya Kiganjani, 1996 hadi 2004

Mwezi Mei 1999 kampuni ya 3Com ilianza kuuza katika eneo la New York kompyuta ya kiganjani iliyoitwa Palm VII. Bei yake ilikuwa dola 599. Ubavuni ilikuwa na antena iliyolala, na mtu alipoiinua chombo kiliwasha redio na kuanza kutafuta mtandao. Mpango wa chini wa huduma ulitoza dola 9.99 kwa mwezi kwa kilobaiti 50. Aliyetaka zaidi alilipa dola 24.99 apate kilobaiti 150, na aliyevuka kikomo chake alikatwa senti 30 kwa kila kilobaiti ya ziada. Msomaji aliyezoea kununua bando la gigabaiti na apige hesabu mwenyewe: picha ndogo ya kilobaiti 100, kama chombo kile kingeweza hata kuipokea, ingemaliza mpango wa mwezi mzima na kumwachia mwenyewe deni la dola 15. Hata hivyo watu walinunua, na magazeti ya kompyuta yaliandika kana kwamba kesho imefika.

Palm VII haikuwa peke yake sokoni. Katika miaka ile michache Mmarekani aliyetaka barua pepe na kurasa za wavuti mkononi alikuwa na njia kadhaa za kuchagua, na kila moja ilikuwa na mitambo yake, modemu yake na utaratibu wake wa malipo. Ulikuwapo mtandao wa Mobitex, uliopitisha kilobiti 8 kwa sekunde. Ulikuwapo CDPD, uliojipenyeza katika nafasi tupu za minara ya simu za analogi na kufikisha kilobiti 19.2. Ulikuwapo Ricochet wa California, ulioanza na kilobiti 28.8 na kufika 128 mwaka 2000. Mtu pia aliweza kuunganisha kompyuta yake na simu ya kidijitali, akapata kilobiti 9.6 au 14.4. Kisha ikaja Wi-Fi, ambayo kiwango chake cha 1999 kiliahidi megabiti 11. Waandishi wa magazeti walizipanga njia hizi katika majedwali yenye safu za kasi, bei ya modemu na miji iliyofikiwa, na kwa kawaida kasi ndiyo iliyotangulia. Nadhani safu ile ya kwanza iliwapoteza. Ukizipanga njia hizi kwa kasi, kisha ukazipanga upya kwa namna zilivyopokewa na watu waliozilipia, orodha mbili hizo hazifanani hata kidogo. Lililoamua lilikuwa jambo ambalo majedwali hayakuwa na safu yake: je, mwenye chombo angeweza kuiacha redio wazi mchana kutwa, bila kuigusa na bila kuiogopa bili, hadi ujumbe umfikie wenyewe?

Ili kuona kwa nini swali hilo lilikuwa zito, inabidi kurudi nyuma kwa mafundi. Mwaka 1983 Motorola iliijengea IBM mtandao wa redio kwa ajili ya mafundi wake waliozunguka Marekani kutengeneza kompyuta kubwa za wateja. Mashine hizo mara nyingi zilikaa ndani kabisa ya majengo au chini ya ardhi, kwa hiyo mtandao ulisanifiwa kupenya kuta nene kuliko kubeba mzigo mkubwa. Mwaka 1990 kampuni hizo mbili ziliufanya biashara ya umma kwa jina la ARDIS. Huko Sweden, shirika la simu la taifa, Televerket, lilikuwa na shida iyo hiyo ya kuwafikia wafanyakazi walioko barabarani, na mwaka 1986 lilizindua Mobitex, uliotengenezwa pamoja na Ericsson. Pakiti moja ya Mobitex haikuzidi baiti 512. Mpokeaji akiwa hapatikani, mtandao wenyewe uliweza kuutunza ujumbe hadi arejee hewani. Tena ulikuwa na utaratibu wa kuokoa betri, ambapo redio ya mkononi na mnara hukubaliana nyakati za kusikilizana, na katikati ya nyakati hizo redio husinzia. Kwa ufupi, mitandao hii ilizaliwa kwa kazi ya kumtafuta mtu popote alipo. Hakuna aliyekuwa akifikiria kurasa za wavuti, kwa sababu wavuti haukuwapo.

Upande wa pili wa historia yetu ni vyombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na majaribio ya kutosha, kuanzia Newton ya Apple mwaka 1993, Envoy ya Motorola iliyokuwa na redio ya ARDIS ndani yake, hadi Simon ya IBM na BellSouth mwaka 1994, ambayo ilikuwa simu na kompyuta ya kiganjani kwa pamoja. Yote yalikuwa mazito, ya gharama, au yote mawili. Mlango ulifunguliwa mwaka 1996 na Pilot, kazi ya Jeff Hawkins na wenzake wa Palm Computing, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya U.S. Robotics, kabla ya kuwa ya 3Com. Pilot ilifaulu kwa kukataa kufanya mengi. Ilihifadhi kalenda, anwani, orodha ya shughuli na maandishi mafupi, ilitumia betri mbili za kawaida kwa wiki kadhaa, na ilikuwa na kibao cha kuegeshea mezani chenye kitufe kimoja cha kulinganisha kumbukumbu zake na za kompyuta ya mezani. Kitufe hicho kilisifiwa kila mahali, na kwa haki. Ila kilijenga mazoea fulani kwa watengenezaji na kwa wateja wao, kwamba habari zinakaa mahali fulani na mwenyewe ndiye anayekwenda kuzichukua anapotaka.

Mazoea hayo ndiyo yaliyoingia ndani ya Palm VII. Wahandisi wake walikuwa na akili nyingi, na sioni haki kuwacheka. Walijua kwamba ukurasa wa kawaida wa wavuti hauwezi kupita katika kilobiti 8, basi wakaugawa. Fomu na michoro viliwekwa ndani ya chombo tangu mwanzo, na hewani lilipita swali tupu, kama vile jina la mji au namba ya ndege, kisha likarudi jibu tupu la maneno machache baada ya kupita kwenye seva za Palm zilizolikata na kulibana. Kwa hali ya hewa, bei za hisa na ratiba za ndege mpango huu ulifanya kazi vizuri. Hata suala la umeme lilitatuliwa kwa ufundi: redio ilihitaji nguvu ya ghafla ambayo betri ndogo za kawaida haziwezi kutoa, hivyo waliweka ndani betri ya pili iliyochajiwa polepole na zile za kawaida. Ila barua pepe ilibaki yatima. Chombo hakikuwa na njia ya kukuarifu kwamba umeandikiwa. Ulipaswa kuinua antena, kusubiri mtandao, kuuliza kama kuna kitu, na kulipia kila kilobaiti iliyopita katika kuuliza huko. Na mara nyingi jibu lilikuwa kwamba hakuna.

Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Januari 1999, kampuni ya Research In Motion ya Waterloo, Kanada, ilikuwa imezindua huduma iliyoiita BlackBerry. Chombo chake cha kwanza, RIM 950, kilionekana duni mbele ya Palm VII. Kioo chake kilikuwa kidogo chenye mistari michache ya maandishi, hakikuwa na kalamu ya kugusia, na kilionekana kama peja iliyonenepa. Kilitumia betri moja tu ya AA, nayo ilidumu kwa wiki. Lakini Mike Lazaridis wa kampuni hiyo na wahandisi wake walikuwa wameshughulika na modemu za Mobitex karibu muongo mzima, na mwaka 1996 walikuwa tayari wametoa peja ya kutuma na kupokea. Walikijua kile kipengele cha redio inayosinzia na kuamka, na wakakijengea chombo kizima juu yake. Barua ilipoingia kwenye seva ya ofisini, nakala yake ilisukumwa hewani, na RIM 950 ikatetema kiunoni mwa mwenyewe. Hakuna antena ya kuinua. Malipo yalikuwa ada moja ya mwezi, iwe umeandikiwa barua kumi au mia.

Hapa ndipo ushahidi unapokuwa mtamu kwa mtu anayelinganisha. Nchini Marekani Palm VII na RIM 950 zilitumia mtandao uleule mmoja, Mobitex wa BellSouth. Minara ilikuwa ile ile, kilobiti zile zile 8, ukomo ule ule wa pakiti, na huduma zao mbili zilianza mwaka mmoja. Mara chache historia ya teknolojia inatuachia jaribio safi namna hii, ambapo karibu kila kitu kimeshikiliwa pale pale na kimebadilishwa kimoja. Palm ilikuwa na jina kubwa, maelfu ya programu na mamilioni ya wateja, wakati RIM ilijulikana na wachache. Lakini mwenye Palm VII alikuwa kama mtu wa sanduku la posta, anayefunga safari hadi mjini kufungua sanduku ambalo huenda ni tupu. Mwenye BlackBerry alipigiwa hodi na tarishi. Kufikia Februari 2004 huduma ya BlackBerry ilikuwa na wateja milioni moja. Mwaka huo huo huduma ya redio ya Palm VII ilifungwa.

Mtu makini atapinga hapo hapo, na pingamizi lake lina uzito. Atasema BlackBerry ilishinda kwa sababu waajiri ndio waliolipa. Benki za Wall Street na ofisi za mawakili zilinunua vyombo kwa mamia, wakati Palm VII iliuzwa dukani kwa mtu binafsi anayehesabu senti zake. Ni kweli, na mtu asiyeitaja habari hiyo atakuwa amesimulia nusu. Ila swali linalofuata ni kwa nini waajiri walichagua kulipia hiki na si kile. Palm pia ilikuwa na wateja wa makampuni, na iliwatamani zaidi. Mwajiri hakuwa na haja ya mfanyakazi kutazama hali ya hewa akiwa kwenye teksi. Alitaka mfanyakazi apatikane, na kupatikana kunahitaji chombo kinachosikiliza muda wote. Kwa hiyo mfuko wa mwajiri ulifuata sifa ile ile ninayoitetea, haukuja badala yake. Tarehe 11 Septemba 2001, simu za sauti zilipozidiwa jijini New York na Washington, barua fupi za BlackBerry ziliendelea kupita, na baadaye wabunge wa Marekani wakagawiwa vyombo hivyo. Aliyenunua siku zile hakuuliza kasi.

CDPD unatoa ushahidi wa namna nyingine. Kwa karatasi ulikuwa bora kuliko Mobitex kwa kila hali. Kasi yake ilikuwa zaidi ya maradufu, na kila modemu ilikuwa na anwani yake halisi ya intaneti, hivyo programu za kawaida zilifanya kazi bila seva ya kati ya kuzitafsiria. Polisi wa miji mingi waliutumia ndani ya magari kwa miaka. Kwa watu wa kompyuta za kiganjani, mlango wake ulikuwa OmniSky, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1999 kwa ubia wa 3Com na Aether Systems. Iliuza modemu ya Minstrel iliyobandikwa mgongoni mwa Palm V, pamoja na huduma isiyo na kikomo kwa takriban dola 40 kwa mwezi. Hofu ya bili ikaondoka. Watumiaji walivinjari kurasa halisi, wakasoma habari, wakaingia kwenye barua pepe zao za kawaida, na wengi wao waliipenda kweli. Lakini modemu ile ilikuwa mzigo wa ziada wenye betri yake, na haikuundwa kukaa mfukoni ikisikiliza tangu asubuhi hadi usiku. Ilikuwa ya kuwasha, kutumia na kuzima. Mwezi Desemba 2001 OmniSky iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi na mali zake zikaenda kwa EarthLink. Sitaki kuutumia ufilisi huo kama hukumu, maana mwaka ule ulizika kampuni nzuri na mbovu kwa pamoja. Ninachosema ni kwamba OmniSky ilitatua nusu moja ya tatizo, ile ya mita ya malipo, ikaiacha nusu ya redio.

Ricochet ndiyo hadithi inayotajwa zaidi na wanaoamini kasi. Kampuni ya Metricom ya Los Gatos ilitundika redio ndogo juu ya nguzo za taa za barabarani, zikirushiana pakiti kutoka nguzo hadi nguzo katika masafa yasiyohitaji leseni. Ulikuwa ufundi wa kupendeza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwekezaji Paul Allen kupitia Vulcan Ventures, pamoja na WorldCom, waliahidi dola milioni 600, na mwaka 2000 mtandao ukaanza kutoa kilobiti 128 kwa ada iliyozidi dola 70 kwa mwezi. Hakuna njia nyingine ya kutembea nayo iliyoukaribia. Julai 2001 Metricom ilifilisika ikiwa na wateja wapatao 51,000, na kabla ya mwaka kwisha mitambo yake iliuzwa kwa dola milioni 8.25. Wanaoitetea husema iliuawa na madeni, kwamba ilijenga miji mingi kwa haraka mno wakati soko la hisa linaporomoka. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini madeni yale yalikopwa kwa kuamini kwamba kasi pekee ingevuta umati, na umati haukuja. Modemu ya Ricochet ilikuwa rafiki wa kompyuta ya mapajani. Kwenye kompyuta ya kiganjani iliunganishwa kwa waya na kuning'inia kama kiungo kisicho chake, na kasi ile yote ikaishia kwenye kioo cha rangi mbili ambacho hakikuwa na la kufanya nayo.

Ulaya walichukua barabara tofauti. Huko mtandao wa GSM ulikuwa umeenea, basi mtu wa Psion au Palm alielekeza kompyuta yake kwa simu yake, miale ya infraredi ikaviunganisha, na simu ikapiga namba ya mtoa huduma ya intaneti kama modemu ya nyumbani. Nokia ilikwisha kuvifunga vyote viwili ndani ya kasha moja mwaka 1996 katika Communicator 9000, chombo cha karibu gramu 400. Kasi ilikuwa kilobiti 9.6, na malipo yalihesabiwa kwa dakika, hata dakika ambazo mtu alikuwa akisoma tu na hakuna kinachopita. Huduma ya WAP, ya kusoma kurasa kwenye simu, iliyotangazwa kwa mbwembwe kubwa kuanzia mwaka 1999, ilipita juu ya utaratibu huo huo na kufa kwa ugonjwa huo huo: kusubiri simu iunganishwe, huku saa ya malipo ikihesabu. Jambo la kushangaza ni kwamba simu hizo hizo zilikuwa tayari na huduma iliyokidhi masharti yote niliyoyataja. Ujumbe mfupi wa simu, uliotumwa kwa mara ya kwanza Uingereza mwezi Desemba 1992, ulikuwa na herufi 160 tu. Lakini ulimfikia mtu bila yeye kufanya lolote, mpokeaji hakulipa, na mtumaji alijua bei yake kabla ya kubonyeza. Wakati wakuu wa kampuni za simu wakihubiri WAP, vijana walikuwa wakiandikiana kwa mabilioni ya jumbe.

Watu wengi wa Afrika Mashariki walikutana na simu ya mkononi kupitia GSM hiyo hiyo, na ushahidi wa huku unastahili nafasi yake. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata Tanzania, haikuhitaji kivinjari wala intaneti kwenye simu ya mteja. Ilikaa kwenye laini yenyewe kama menyu, ikatuma amri fupi na kurudisha ujumbe wa kuthibitisha. Mama muuza samaki hakuwasha chochote ili ajue kwamba mteja amelipa. Simu ililia, naye akasoma kiasi na salio. Kwa kipimo cha kilobiti kwa sekunde hiyo ilikuwa njia finyu kuliko zote zilizotajwa hapa, na ndiyo iliyobeba fedha za mamilioni ya watu. Sidhani kuna mhandisi wa Palm aliyeota matumizi kama hayo, ingawa kanuni ya kupitisha maneno machache na kuacha fomu ndani ya chombo ilikuwa yake tangu 1999.

Japani inasumbua kidogo hoja yangu, na ni vizuri iisumbue. Huduma ya i-mode ya NTT DoCoMo ilizinduliwa tarehe 22 Februari 1999 kwa kasi ya kilobiti 9.6, na kufikia Agosti 2000 ilikuwa na wateja milioni 10. Barua zake ziliingia zenyewe kwenye simu, jambo linaloniunga mkono. Lakini i-mode ilikuwa na mita: mbali na ada ya yeni 300 kwa mwezi, kila pakiti ya baiti 128 ilitozwa yeni 0.3. Kama hofu ya mita ilimuua Palm VII, mbona haikumuua huyu? Jibu liko kwenye hesabu. Kilobaiti moja ya i-mode ni pakiti nane, yaani yeni 2.4. Kilobaiti moja ya ziada ya Palm VII ilikuwa senti 30, ambazo kwa kubadilisha fedha kwa wakati ule zilikaribia au kuvuka yeni 30. Tofauti ni zaidi ya mara kumi. Mita iliyo chini kiasi hicho mtu huisahau, na kuisahau ndilo jambo lenyewe. Nakubali basi kwamba ada moja ya mwezi haikuwa lazima. Kilichohitajika ni bei ambayo haimshiki mtu mkono kila anapotaka kugusa kitufe.

Palm wenyewe walifika hapo, wakiwa wamechelewa. Januari 2002 walitoa i705 kwa dola 449, na mtandao ulikuwa Mobitex uleule. Safari hii antena haikuinuliwa, redio ilikaa wazi, barua ilipofika chombo kilitetema, na kulikuwa na mpango usio na kikomo wa dola 39.99. Ni kana kwamba waliisoma BlackBerry ukurasa kwa ukurasa. Hata hivyo i705 haikuvuma, na mpinzani wangu ana haki ya kuuliza kwa nini, ikiwa sifa ile ndiyo iliyoamua kila kitu. Sisemi kila kitu. Mwaka huo huo Handspring, kampuni ya Hawkins na wenzake walioondoka Palm mwaka 1998, ilikuwa na Treo 180, simu na kompyuta ya kiganjani ndani ya kasha moja. RIM nayo ilitoa BlackBerry 5810 iliyopiga simu, ingawa kwa kutumia vipokea sauti vya masikioni. Mitandao ya GPRS ilikuwa imeanza kuwaweka watu wa GSM hewani muda wote bila kupiga namba. Mnunuzi wa 2002 alitaka chombo kimoja mfukoni. Kusikiliza muda wote kulikuwa kumegeuka sharti la kuingilia mlangoni, na Palm waliwasili na tiketi ambayo kila mtu alikuwa nayo.

Limebaki pingamizi kubwa kuliko yote, kwamba mwishowe kasi ilishinda. Leo hakuna anayeishi kwa kilobiti 8, na Wi-Fi, iliyokuwa ya kasi kuliko zote, ndiyo pekee kati ya njia za 1999 iliyobaki hai na kukua. Sina ugomvi na ukweli huo, ila utaratibu wake wa matukio unahitaji kuangaliwa. Mwanzoni Wi-Fi ilikuwa ya mahali, kwenye mgahawa wa Starbucks au uwanja wa ndege, na MobileStar, iliyoipeleka Starbucks mwaka 2001, ilianguka kabla mwaka huo haujaisha. Ilikuja kuwa sehemu ya maisha ya mkononi baada ya kuingia ndani ya simu ambazo tayari zilikuwa hewani kwa njia nyingine. Na simu iliyogeuza soko zima, iPhone ya 2007, haikuwa na mtandao wa kizazi cha tatu wakati washindani wake kadhaa walikuwa nao. Nje ya Wi-Fi ilitumia EDGE, na wakosoaji waliilalamikia sana kwa hilo. Watu waliinunua hata hivyo, kwa mkataba wa data isiyo na kikomo. Kasi ilipokuja ilimkuta mtumiaji akiwa tayari ameshaacha redio yake wazi, na hapo ndipo ilipopata kazi ya kufanya: video, ramani, picha za kundi la familia.

Hata Apple, pamoja na kioo chake na kivinjari chake kamili, haikuweza kulikwepa swali la 1999. Mwaka 2008 watengenezaji wa programu waliomba ruhusa ya kuziacha zikifanya kazi chinichini ili zipokee jumbe. Apple ilikataa ikitaja betri, na badala yake ikaahidi muunganisho mmoja tu kati ya kila simu na seva zake, utakaobaki wazi daima na kupitisha taarifa za programu zote. Ahadi ilikuwa ya Septemba mwaka huo. Muunganisho wenyewe ulifika Juni 2009, miaka kumi baada ya redio ya RIM 950 kuanza kusinzia na kuamka juu ya minara ya BellSouth kwa betri moja ya AA.